Moto Ndani ya Maji

Ukimwacha samaki wa dhahabu, mgeni wa kwanza kutoka Asia kukubali kuzaa ndani ya kioo huko Ulaya alifaulu kwa sababu hakuwa mwoga wa baridi. Mwaka 1869 konsuli wa Ufaransa nchini China, Simon, alipeleka Paris samaki wadogo wenye mistari ya buluu na nyekundu, wa jamii inayoishi kwenye mitaro ya mashamba ya mpunga. Wengi walifia njiani. Waliosalia walifikishwa kwa Pierre Carbonnier, mfugaji wa samaki mjini humo, naye akaketi kuwatazama. Dume alipanda juu, akavuta hewa, akaitema kwa viputo vilivyoshikana kwa ute, hadi juu ya maji kukawa na kiota cha povu. Jike alipotaga, dume aliyaokota mayai kwa mdomo na kuyapachika kwenye povu. Akaja kuitwa samaki wa peponi.

Jina la heshima, ila huyu hakutoka peponi, alitoka mtaroni. Maji ya mtaro hupata moto mchana na kupoa usiku, na China ina miezi ya baridi ya kweli. Sebule ya Paris yenye jiko la makaa ilimtosha. Tabu ilianza na waliokuja nyuma yake: samaki mpiganaji wa Siam, gapi wa Trinidad na Venezuela, na wale wembamba kama karatasi wa mto Amazon. Hao walizoea maji ya uvuguvugu mwaka mzima. Majira ya baridi ya Ulaya yalipobisha hodi, mwenye tangi alikuwa na mawili: awashe moto chini ya maji, au awazike.

Hapo ndipo inapoanzia historia ya kifaa ambacho wauza samaki wa Dar es Salaam na Nairobi wanakiita hita tu. Ni historia ya mtu aliyetafuta wa kumkeshea, akampata, halafu akagundua kuwa mkeshaji naye husinzia.

Tangi lenyewe lilikuwa bado changa. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu, mmea wa majini na konokono katika chombo kimoja, wakaishi kwa kutegemeana. Mei 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park ikafungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka uliofuata kitabu cha Philip Henry Gosse kikalieneza neno akwariamu. Uingereza ikashikwa na homa ya matangi. Lakini yalikuwa matangi ya baridi: samaki wa mito ya kwao, viumbe vya fukwe za kwao. Maji ya kupashwa yalikuwa anasa ya makabaila. Huko Chatsworth, mwaka 1849, Joseph Paxton alifanikiwa kulichanulisha yungiyungi kubwa la Amazon katika bwawa lililopata joto kwa mabomba ya maji moto. Ua lile lilijengewa nyumba yake peke yake, likatengewa boila, makaa na watu wa kuyachochea. Karani wa posta hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Karani wa posta alikuwa na taa.

Wajerumani ndio walioigeuza taa kuwa jiko la samaki. Tangu Emil Adolf Rossmässler aandike makala yake ya mwaka 1856 juu ya ziwa ndani ya kioo, ufugaji huo uliwaingia watu wa kawaida, na mwaka 1888 Berlin ikapata chama chake cha wafugaji, Triton. Tangi la wakati ule lilikuwa fremu ya chuma, kuta za kioo zilizozibwa kwa puti, na sakafu ya bati la zinki au jiwe la sleti. Siri ilikuwa kwenye sakafu. Chini yake iliwekwa taa ya mafuta au ya spiriti, au kichomeo kidogo cha gesi. Mafundi wengine waliitoboa sakafu wakapachika koni ya metali iliyochomoza majini kama kichuguu, mwali ukakaa ndani ya tumbo la koni, joto lisipotee bure hewani.

Sasa mfikirie mwenye tangi hilo usiku wa Januari. Kabla ya kulala anapunguza utambi. Akiupunguza mno, utazimika saa nane. Akiuacha mrefu, utafuka moshi, masizi yatapanda ukutani, na maji yatapanda joto asiloliomba. Mizizi ya mimea ndiyo inayoungua kwanza, maana joto linatoka chini ya mchanga. Gesi nayo ina balaa lake: mwali ukizimwa na upepo wa mlangoni, gesi inaendelea kuvuja ndani ya chumba wanamolala watu. Basi anaamka. Anaweka kiganja kwenye kioo, anasoma kipimajoto kwa mshumaa, anagusa utambi kidogo, anarudi kitandani. Saa kumi anaamka tena.

Simwonei wivu. Lakini taa ile mbovu ilikuwa na sifa moja ambayo hita yangu ya kisasa haina: ilipokufa, ilikufa hadharani. Mwanga ulitoweka, harufu ilibadilika, na mtu akajua.

Wageni waliendelea kushuka, wengi wao katika bandari ya Hamburg, mikononi mwa mabaharia. Mwaka 1902 alifika Ujerumani kutoka Misri samaki mdogo wa mto Nile ambaye ndugu zake wapo hadi bonde la Ziwa Viktoria. Mwaka uliofuata akapewa jina la kisayansi, multicolor, kwa wingi wa rangi zake. Wafugaji walipigwa na butwaa kumwona jike akiyabeba mayai mdomoni siku baada ya siku bila kula, na vifaranga wakirudi kujificha humo humo wanapotishwa. Mvuvi wa Mwanza, ambaye sato na perege ni wa nyumbani kwake, angecheka butwaa lao.

Umeme ulipoingia majumbani, wazo la kuuzamisha lilikuja upesi. Balbu za zamani zilitoa joto jingi kuliko mwanga, na wapo waliozitumia hivyo hivyo kupasha maji. Kizuizi kilikuwa waya. Waya wa chuma ukiiva hadi kuwa mwekundu huliwa na oksijeni ya hewa, ukakatika. Mwaka 1906 Albert Marsh wa Marekani alipata hataza ya mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, waya unaojivika ngozi nyembamba ya oksidi ambayo inazuia usiliwe zaidi. Ndio uliomo ndani ya pasi yako na jiko lako la koili. Kioo cha kuvumilia joto la ghafla kilikwisha kupatikana Ujerumani, kwa kazi ya Otto Schott mjini Jena, na mwaka 1915 Wamarekani wakaanza kukiuza kwa jina la Pyrex. Waya wa Marsh ukazungushwa kwenye kigogo cha kauri, kigogo kikaingizwa katika mrija wa kioo, mdomo ukazibwa kwa mpira. Hita ikazaliwa.

Haikuwa na akili. Ukiichomeka inawaka, ukiichomoa inazima. Mwenye tangi alibaki kuwa mkeshaji yule yule, ila sasa bila masizi puani.

Kilichomruhusu kulala kilitoka mbali kabisa na samaki. John Harrison, seremala wa Kiingereza aliyetumia maisha yake kutengeneza saa ya kuwawezesha mabaharia kujua walipo baharini, alisumbuliwa mno na joto. Springi ya saa hulegea kukiwa na joto, na saa inakwenda pole. Katika saa yake ya tatu, iliyomchukua miaka 19 hadi kukamilika mwaka 1759, alishikiza kwa riveti utepe wa shaba ya njano na utepe wa chuma cha pua. Shaba hutanuka kuliko pua. Kwa kuwa zimefungwa pamoja, haina pa kwenda, basi utepe wote unapinda; kukipoa, unanyooka. Mwaka 1830 Andrew Ure, mkemia wa Scotland, aliwasilisha hataza ya kutumia kupinda huko kutawala joto la viwanda, akakiita kifaa chake themostati. Karne ikapita. Utepe wa Harrison, sasa ukiwa mdogo kuliko kidole, ukapachikwa juu ya waya wa Marsh ndani ya mrija. Maji yakipoa, utepe unanyooka, vichwa viwili vya metali vinagusana na umeme unapita. Maji yakipata joto, unapinda, vinaachana.

Mkeshaji akapatikana. Hali mshahara, halalamiki, hasinzii. Watu wakazima mishumaa wakalala.

Ninaye mmoja hapa mezani, maiti. Ni hita ya wati 200 niliyoipasua kwa koleo. Kigogo cha kauri kilikuwa cheupe, sasa kina rangi ya chai. Juu yake kuna utepe, na pembeni ya utepe kisumaku kidogo kama punje ya mchele. Kisumaku kimewekwa makusudi, ili vichwa viachane kwa kishindo, visiachane polepole, kwa sababu kila vinapoachana umeme unaruka katikati yake kwa cheche. Cheche ndogo, huioni. Lakini tuseme hita inawaka mara nne kwa saa: hizo ni mara 96 kwa siku, zaidi ya 35,000 kwa mwaka. Kila cheche inayeyusha chembe ya metali upande mmoja na kuipandikiza upande wa pili. Kichwa kimoja kinachimbika, kingine kinaota chunusi. Siku moja chunusi inashika na haiachii. Kwenye hita yangu vichwa viliungana kwa kipande kisichozidi mbegu ya ufuta. Nilipovibandua kwa ncha ya kisu vilitoa mlio mdogo, tak.

Ilikuwa Julai, Mbeya, wakati ambapo usiku unalala na sweta na soksi. Nilikwenda msibani Iringa siku mbili, mlango nikafunga. Niliporudi Jumapili jioni kioo cha dirisha kilikuwa kinatoka jasho. Nikajua kabla sijawasha taa. Kipimajoto kilisoma nyuzi 37. Kati ya samaki kumi na wanne wa Ziwa Tanganyika, wawili walikuwa juu kabisa wakihema, midomo nje. Hao nao hawakufika asubuhi. Si joto peke yake lililowaua. Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 yanaweza kubeba miligramu 8 na kitu za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 35 yanabaki na kama 7, saa ile ile ambayo mwili wa samaki, kwa kupata joto, unadai oksijeni nyingi kuliko kawaida.

Aliyeniuzia hita alinishauri nichukue kubwa, "ili isihangaike". Nilimwamini. Baadaye nikakaa na kalamu. Lita 100 za maji zikipashwa kwa wati 200 bila kupoteza chochote hupanda nyuzi moja kwa kila dakika 35. Tangi lakini linapoteza, na nilipopima langu kwa kuzima kila kitu na kuangalia linavyopoa, lilikuwa likipoteza kama wati 9 kwa kila nyuzi lililozidi joto la chumba. Chumba kilikuwa na nyuzi 17. Wati 200 gawanya kwa 9, unapata 22. Ongeza 17. Hita ile iliyoganda isingesimama mpaka maji yafike nyuzi 39. Hapakuwa na bahati mbaya hapo. Hesabu ilikwisha kuandikwa siku niliyoichomeka.

Kisha nikapiga hesabu ya hita mbili za wati 75. Moja ikiganda ikiwaka, inaweza kuyainua maji nyuzi 8 juu ya chumba, yaani 25, na mwenzake anabaki amezima. Moja ikifa ikiwa imezima, iliyobaki inaweza kuyafikisha maji pale pale 25. Mchana wa jua joto lingezidi kidogo, samaki wangelalamika, lakini wangekuwa hai. Bei ya mbili ilikaribia bei ya ile moja. Kwa nini hakuna kasha la hita linaloandikwa hesabu hii, sijui. Labda kwa sababu inamkumbusha mnunuzi kwamba kitu anachonunua kitakufa, na kwamba cha kuchagua ni namna kitakavyokufa.

Kufa kwa kuzima kuna upole wake. Maji yanapoa taratibu, samaki wanatulia chini, mapezi yamebanwa. Siku chache baadaye wanatokwa na madoa meupe kama chembe za chumvi: ni kimelea ambacho huwavamia zaidi baridi inapowapunguzia kinga. Mwenye tangi ananunua dawa na kulaumu duka, kumbe hita ilizimika Jumanne. Kufa kwa tatu ni kwa mrija kupasuka, na hapo kosa ni letu mara nyingi: tunapunguza maji ili kusafisha, tunasahau kuchomoa, hita inabaki hewani ikiiva, halafu tunaimwagia maji baridi.

Historia ina nyakati ambazo hita zote zilizimika kwa mpigo. Septemba 1939, Uingereza ilipoingia vitani, akwariamu ya bustani ya wanyama ya London ilifungwa na matangi yakamwagwa maji, kwa kuhofia kioo na mabomu. Berlin ilisubiri zaidi. Usiku wa Novemba 1943 bomu liliangukia jengo la akwariamu lililofunguliwa mwaka 1913, na kazi ya miaka thelathini ya kulinda joto ikaishia kwenye baridi ya mtaani.

Lakini kisa ninachokirudia ni cha Leningrad, na samaki hawamo. Bustani ya wanyama ya mji huo ilikuwa na kiboko jike aliyeitwa Krasavitsa, yaani Mrembo. Wajerumani walipouzingira mji mwaka 1941, umeme ukakatika, mabomba ya maji yakafa, na bwawa lake likakauka. Kiboko bila maji ngozi inakauka na kupasuka, damu inatoka. Mtunzaji wake, Yevdokia Dashina, alikuwa akivuta kwa sleji pipa la maji la lita 400 kutoka mto Neva, kila siku, katika mji ambao watu wenyewe walikuwa wakianguka barabarani kwa njaa. Alimwosha kwa maji ya vuguvugu na kumpaka mafuta ya kafuri mwili mzima. Chakula kilikuwa nyasi kidogo na mboga kidogo, na nafasi iliyobaki tumboni ikajazwa unga wa mbao uliotokoswa. Mabomu yalipolia, inasimuliwa kwamba alilala ubavuni mwa mnyama sakafuni mwa bwawa tupu ili asitishike. Mzingiro ulivunjwa Januari 1944. Krasavitsa aliishi hadi mwaka 1951.

Nimejiuliza mara nyingi ningevuta pipa hilo siku ngapi. Jibu langu silipendi.

Vita vilipokwisha, Ulaya ilijenga upya viwanda vyake na hita ikawa bidhaa ya kawaida kama chujio la chai. Wakati huo huo samaki wa maziwa yetu walianza kusafiri kwa ndege. Mbelgiji Pierre Brichard alihamia Burundi mwanzoni mwa miaka ya 1970, akajenga huko biashara ya kusafirisha samaki wa Ziwa Tanganyika kwenda ng'ambo, na mwaka 1989 akatoa kitabu kinene juu yao. Ukitaka kujua kwa nini samaki hawa hawajui kuvumilia, litazame ziwa lenyewe. Kina chake kinafika mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Maji mengi kiasi hicho hayabadiliki kwa wiki moja ya jua wala kwa mwezi wa baridi. Juu yanacheza kwenye nyuzi ishirini na kitu, na huko chini kabisa bado ni 23 na ushei. Ziwa ndilo hita, na halina swichi. Halafu tunamchukua samaki wa humo tunamtia kwenye lita 100 na kijiutepe cha shaba.

Wa Ziwa Viktoria wana kisa kizito zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walianza kazi Mwanza mwaka 1977, wakihesabu furu, samaki wadogo ambao watu wa kanda ya ziwa waliwachukulia kama chakula cha kawaida tu. Kumbe zilikuwa aina mamia, kila moja na mdomo na ulaji wake: wala konokono, wala mwani, wala vifaranga vya wengine. Sangara, mla samaki wenzake aliyepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950, alikuwa akiongezeka. Katika miaka ya 1980 nyavu za watafiti zilianza kupanda na sangara watupu. Inakadiriwa aina kama 200 za furu zilitoweka mbele ya macho yao. Tijs Goldschmidt, mmoja wao, aliandika kitabu kizima juu ya msiba huo. Baadhi ya furu walikuwa wamebebwa hai hadi Uholanzi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazao wao waligawiwa kwa bustani za wanyama na akwariamu za Ulaya na Amerika Kaskazini, wazaliane huko.

Hebu fikiri. Samaki wa Mwanza, ambaye babu yake hakuwahi kuona kipimajoto, yuko kwenye chumba cha chini ya ardhi katika nchi ya theluji, na ukoo wake unategemea vichwa viwili vya metali viachane kwa wakati. Waliopanga mpango huo walilijua hilo. Hawakuwaweka wote mahali pamoja chini ya mtambo mmoja mzuri. Waliwatawanya, kundi hapa na kundi kule, ili hita ikifa mji mmoja ukoo usifutike. Baadhi ya furu wamerudi kuonekana ziwani tangu sangara alipovuliwa sana. Wengine bado wako kwenye vioo.

Wakubwa nao huanguka. Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliipiga New Orleans. Akwariamu kubwa ya mji ule ilistahimili upepo, jengo halikubomoka. Umeme ulikatika, jenereta ya dharura ikashika zamu, na wafanyakazi wakalazimika kuondoka kwa ajili ya usalama wao. Kisha jenereta ikazima. Maelfu ya samaki walikufa kwa kukosa hewa na kwa maji kubadilika joto. Pengwini na fisi-maji wa baharini walinusurika, na kobe wa baharini aliyekuwa na umri mkubwa pia. Akwariamu ilifunguliwa tena Mei 2006. Walikuwa na mtambo wa akiba, jambo ambalo wengi wetu hatuna. Walichokosa katika siku zile ni mtu aliyebaki karibu nao.

Na mwaka 2011, nchini Marekani, kampuni moja kubwa iliziondoa sokoni hita zake zaidi ya milioni moja, kwa hofu ya kushika moto na kupasuka. Nakitaja kisa hicho kwa wale wanaodhani ya kwao haiwezi kuharibika kwa sababu ilinunuliwa ghali.

Siku hizi kuna vidhibiti vya elektroniki vinavyokaa nje ya maji, kati ya soketi na plagi ya hita. Kidhibiti unakipangia nyuzi moja juu ya ile uliyoipanga kwenye hita. Hita ikiganda, kidhibiti kinakata. Nakipendekeza, ila tusidanganyane: ndani yake nacho kuna swichi yenye vichwa viwili vya metali, na cheche ni ile ile. Uzuri wake ni kwamba ni lazima vyote viwili vigande kwa pamoja ndipo samaki waive. Waya wa plagi uache uning'inie chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda, maji yanayotiririka juu yake yadondoke sakafuni, yasiingie ukutani.

Kwetu nyanda za juu tatizo la kila mwaka ni umeme kukatika, si hita kuganda. Mgao ukija Juni au Julai, nafanya hivi. Silishi samaki, maana chakula kinachooza kinakula oksijeni. Nafunika tangi kwa blanketi pande zote, naacha upenyo juu, na nawasha pampu ya hewa ya betri. Nikiona maji yameshuka nyuzi tatu, nachemsha maji kwenye jiko la mkaa, hilo jiko likiwa nje, najaza chupa za plastiki baada ya kuyaacha yapoe kidogo, nafunga vifuniko, naziweka zielee. Moja baada ya nyingine, si zote kwa mara moja. Umeme ukirudi sikimbilii kuongeza joto. Nyuzi moja kwa saa inatosha. Nikisafisha tangi, nachomoa hita kwanza, nakaa nusu saa, ndipo nayapunguza maji.

Hita zangu mbili za wati 75 zimesimama pembe mbili za tangi, na vipimajoto viwili vya kioo vimesimama pembe nyingine mbili. Leo asubuhi kimoja kilisoma 25, cha pili 24 na nusu. Kama na wewe una tangi, kabla hujalala leo weka kiganja kwenye kioo chake, halafu kasome kipimajoto. Kama huna kipimajoto, usinunue samaki mwingine mpaka ununue hicho.